Mfalme Aliyekufa na Mchezo Uliouzwa Kabla ya Kwisha

Hadithi ya Grail ilizaliwa ikiwa haina mwisho. Katika miaka ya 1180 mshairi wa Kifaransa, Chrétien de Troyes, alianza kutunga shairi refu juu ya kijana aitwaye Perceval, akamtunukia mtawala wa Flanders, na kabla ya kulifikisha ukingoni akanyamaza. Katika kipande alichokiacha, Perceval hulala katika ngome ya mfalme mwenye jeraha lisilopona. Mbele ya macho yake hupitishwa mkuki utokao damu, na nyuma yake huja binti amebeba chombo king'aacho. Swali liko ulimini mwake, lakini kwa kuwa amekwisha fundishwa kwamba maneno mengi si adabu ya muungwana, hafumbui kinywa. Asubuhi ngome ni tupu. Baadaye huambiwa kwamba kama angaliuliza tu, mfalme angalipona na nchi ingalistawi. Shairi hukatika kabla kijana hajairudia ngome ile. Watunzi wengine wakaja nyuma ya Chrétien, kila mmoja na kiraka chake: nyongeza nne zilitungwa kwa Kifaransa, na mwanzoni mwa karne ya 13 Mjerumani Wolfram von Eschenbach akaitunga upya habari yote katika Parzival.

Yafaa mwanzo huo ukumbukwe na kila atakaye kuupima mchezo wa kompyuta uitwao Tainted Grail: The Fall of Avalon, yaani Grail iliyotiwa doa, na kuanguka kwa Avalon. Mchezo huu ulitengenezwa Poland na kampuni ya Questline, ukatolewa na Awaken Realms ya mji wa Wrocław, ambayo ilikuwa imekwisha jipatia jina kwa mchezo wa mezani wa jina hilo hilo. Tarehe 30 Machi 2023 uliwekwa katika duka la intaneti liitwalo Steam ukiwa haujakamilika, na wanunuzi waliambiwa hivyo waziwazi. Ulikamilika tarehe 23 Mei 2025, baada ya miaka miwili na ziada. Uhakiki huu wahusu hali ile ya kwanza, kwa sababu maoni ya mwanzo yana thamani yake hata baada ya kazi kukamilika. Aidha hali ile ilileta swali ambalo ukamilifu hauwezi kulifuta: je, kazi iliyo nusu yaweza kuhukumiwa kama sanaa, au yastahili kuvumiliwa tu kama ahadi?

Desturi ya kuuza kisichokwisha si ngeni kwa kadiri idhaniwavyo. Charles Dickens aliziuza riwaya zake kwa vijitabu vya kila mwezi, na msomaji wa Uingereza aliyenunua kijitabu cha kwanza hakuwa na hakika ya kukiona cha mwisho. Mwaka 1870 hofu hiyo ilitimia: Dickens alifariki akiwa ameandika sehemu sita kati ya kumi na mbili za The Mystery of Edwin Drood, na muuaji katika hadithi ile hajulikani hata leo. Steam ilifungua mlango wake wa kuuza michezo isiyokamilika mwezi Machi 2013. Mfano ulioipa desturi hiyo heshima kubwa ni Baldur's Gate 3 wa kampuni ya Larian ya Ubelgiji, ambao uliuzwa ukiwa na sura yake ya kwanza tu toka Oktoba 2020 hata Agosti 2023.

Lakini mfano wa Dickens una mpaka. Kijitabu kilichokwisha pigwa chapa hakirudi kiwandani. Mtunzi wa mchezo, kinyume cha hayo, hurudi kila baada ya miezi michache akabomoa alichokijenga: upanga uliokuwa mzito leo kesho ni mwepesi, na mtu aliyesimama penye njia panda akitoa habari hutoweka, habari yake ikatiwa kinywani mwa mwingine. Mnunuzi anaishi katika nyumba ambayo waashi hawajatoka. Vumbi lipo na kelele ipo, na baadhi ya milango hufunguka juu ya shimo. Walakini katika nyumba ya namna hiyo mtu huona jambo ambalo nyumba iliyopakwa chokaa humficha, nalo ni jinsi nguzo zilivyosimamishwa. Wala haifai kusahau kwamba kuna wajenzi waliopaka chokaa juu ya ufa. Mwezi Desemba 2020 Cyberpunk 2077, nao ni wa Poland, uliuzwa kwa jina la kazi kamili ukiwa na kasoro nyingi hata Sony ikauondoa katika duka lake la PlayStation kwa miezi kadhaa. Heri anayekiri kwamba ukuta haujakauka.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuishika michezo ya namna hii, maelezo machache yatatosha. Mchezaji hujitwalia nafsi ya mtu mmoja ndani ya hadithi, akaona kwa macho ya mtu huyo. Humchagulia silaha na maneno, na kadiri atumiavyo ustadi fulani ndivyo ustadi huo unavyokua: apigaye upinde huwa mpiga upinde, na ashikaye uchawi mkononi huwa mchawi. Nchi imeachwa wazi. Hakuna ashikaye mkono kuonyesha njia. Mchezaji akitaka kuacha safari ya maana ili akachungulie pango lililo kando ya mlima, ni hiari yake. Wapenzi wa michezo hii watatambua mara moja deni kubwa kwa Skyrim wa mwaka 2011, na watunzi wa Poland hawakulificha. Hata mwanzo ni ule ule wa mfungwa.

Lakini ufungwa huu si wa sheria. Mchezo unaanza katika kisiwa ambacho ni hospitali na gereza kwa pamoja, mahali ambapo makuhani wekundu huwafanyia majaribio watu walioguswa na tauni iitwayo Mauti Mekundu. Mchezaji hafahamu kosa lake, na hana kosa. Ni mwili wa kujaribiwa tu. Huja kumtoa mtu aitwaye Caradoc, ambaye ana shauri lake mwenyewe, na katika ghasia za kutoroka jambo kubwa la hadithi linatendeka: kipande cha roho ya Mfalme Arthur, aliyekufa miaka mia sita nyuma, humwingia mfungwa. Toka hapo mfalme yumo ndani yake, akisema naye kama mgeni aliyekwisha kaa katika nyumba ya mtu kabla ya kubisha hodi.

Saa hii ya kwanza ndiyo bora kuliko zote zilizokuwamo katika toleo la 2023. Uzuri wake hauko katika damu iliyomwagwa sakafuni, ambayo michezo ya giza huimwaga bila hesabu, bali katika mpango wa fikira. Aghalabu shujaa wa michezo hii huambiwa mapema kwamba ameteuliwa, na uteule humpa fahari. Hapa uteule ni bahati mbaya iliyomwangukia mtu aliyekuwa karibu. Mchezaji ametolewa katika gereza la mawe akageuzwa gereza la mwingine, na haijulikani yupi kati yao wawili ndiye mfungwa.

Ili kuona ujasiri wa jambo hilo, hapana budi kukumbuka Arthur wa vitabu. Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya 12, alisema kwamba mfalme aliyejeruhiwa vitani alichukuliwa Avalon ili majeraha yake yapone. Thomas Malory, ambaye kitabu chake kilipigwa chapa na Caxton mwaka 1485, ametaja imani ya watu kwamba ipo siku atarudi. Kwa Waingereza wengi Avalon ni mahali pa kupumzikia na Arthur ni tumaini lililolala. Watunzi wa Poland wamelipindua tumaini hilo juu chini. Kwao Avalon ni kisiwa ambacho Arthur na watu wake walikikimbilia kwa kuihofu tauni, wakakikuta kina wenyewe, wakawapiga vita na kuwaondoa kwa upanga na kwa uchawi wa Merlin. Wenyeji hao wa kale, walioishi kisiwani kabla ya ngome zote, wameachwa katika masimulizi na magofu. Basi ufalme wa Kamelot, ambao jina lake katika mashairi ni jina la haki, umejengwa juu ya kiwanja kilichonyang'anywa, na waliokimbia kifo wamewapelekea wengine kifo.

Katika toleo la kwanza neno hili halikuhubiriwa. Lilidokezwa katika barua zilizosahauliwa na katika mazungumzo ya watu wadogo, na pengine hiyo ndiyo sababu liliuma. Watu wanaodai kuurithi utukufu wa Arthur bado wamevaa nembo na kushika zamu kutani, lakini mwanakijiji asiye na nembo hujua bei ya utukufu huo kuliko wao. Mfalme mwenyewe, kila asemapo, ana sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Ni mwenye kuvutia, na ndiyo hatari yake.

Msomaji wa Kiswahili ana mahali pa kuliweka jambo hili. Katika utendi wa Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa aliyechomwa sindano ya shaba na mwanawe hakuanguka kitandani. Alikwenda kisimani akapiga goti, mshale umevutwa katika upinde, akafa hivyo. Watu hawakujua kwamba amekufa. Siku zilipita wasithubutu kuchota maji, kwa kumwogopa maiti. Avalon nzima ni kisima kile. Mfalme amekufa miaka mia sita, na bado hakuna athubutuye kuinama akanywa bila kutazama upinde wake. Tofauti ni kwamba Liyongo alikuwa na mama wa kumsihi, na maiti yake ilianguka ikajulikana. Arthur amepewa mwili wa mtu mwingine ili aendelee kusimama.

Kitu cha pili kilichoonyesha akili ya watunzi ni usiku. Kisiwa kimezungukwa na nguvu iitwayo Wyrdness, mfano wa ukungu wa asili uliokuwako kabla ya watu, ambao hupotosha viumbe na ardhi yenyewe. Jina limetolewa katika Kiingereza cha kale, ambamo wyrd ni majaliwa, jambo lililokwisha kuandikwa juu ya mtu. Katika Kiingereza cha leo neno hilo limeshuka cheo likawa la kitu cha kustaajabisha tu. Kiswahili kina neno lililopita njia kama hiyo. Ajali katika lugha ya washairi wa kale ni siku ya kufa iliyowekwa, na leo ni gari lililopinduka. Arthur na watu wake walisimika mawe marefu, kama yale ya Carnac katika Ufaransa, kuuzuia ukungu usiwafikie. Sasa mawe yanadhoofika. Mchana nchi ni ya huzuni lakini hupitika. Jua likizama ukungu hupata nguvu, na wanyama na wafu waliokuwa tishio dogo mchana huwa tishio kubwa.

Athari ya kanuni hii katika uchezaji ni nzuri kwa namna isiyotarajiwa. Katika michezo mingi ya nchi wazi usiku ni rangi tu. Mbingu hugeuka buluu na shughuli zikaendelea kama kawaida. Hapa mchezaji hujikuta akihesabu saa. Akiona jua limeelekea upande wake wa mwisho hujiuliza kama pango lile la mlimani litamrudisha salama au la, na ile hiari kubwa aliyopewa, ya kwenda popote, hupata uzito kwa sababu ina gharama. Hiari isiyo na gharama ni matembezi. Wako watakaosema kwamba matembezi ndiyo waliyoyanunua, nao wasilaumiwe, lakini si hao watakaoukumbuka mchezo huu baada ya mwaka.

Nchi iliyokuwa wazi katika toleo la 2023 ilikuwa moja tu, ile iitwayo Pembe za Kusini, Horns of the South. Ni nchi ya pwani, ya majabali, vijiji vya mbao na ngome zilizokwisha kunyauka. Mahali pazuri pa kuipima sanaa ya watunzi ni katika magofu yake, ambayo hayakumwagwa tu ili kujaza ardhi. Nyumba iliyoanguka ina jiko lake, jiko lina chungu, na kando ya chungu yuko aliyekufa akiwa ameshika kitu kielezacho sababu. Mtu aliyelelewa na Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huupeleka moyo wake katika majumba ya Pate yaliyogeuka makao ya popo, ataelewa mara moja kazi ya magofu hayo: humfundisha apitaye kuiona fahari kwa kinyume chake. Hata hivyo kuna tofauti ya kuhuzunisha. Mshairi wa Pate alipita katika nyumba tupu akijikaripia nafsi; mchezaji hupita akifungua makasha. Mkono hauachi kuokota. Baada ya saa nzima mfuko una mishumaa, mboga na panga zenye kutu, na majonzi ya mwenye nyumba yamekwisha kuwa bidhaa. Kasoro hiyo si ya mchezo huu peke yake. Ni kasoro ya ukoo wake wote, na watunzi wa Questline hawakujaribu kuitibu.

Inafaa sasa kuzitenga kasoro za aina mbili, maana walioutetea mchezo na walioulaani mwaka 2023 walizichanganya. Ziko zilizotokana na kutokwisha. Nyuso za watu zilikuwa ngumu kama za mbao, hata mtu aliyesimulia kifo cha mwanawe alikuwa na macho ya mtu anayengoja basi. Pigo la upanga halikuwa na uzito wa kutosha mkononi, na adui aliyepigwa hakuonekana kushtuka. Pengine picha ilikwama mashine ilipolemewa. Kumshutumu mjenzi kwa mambo haya ni kumlaumu kwa kutomaliza kazi ambayo amekiri hajaimaliza. Mnunuzi alikuwa na haki ya kungoja, na kungoja lilikuwa shauri jema kwa yeyote mwenye haraka ya raha.

Ziko nyingine ambazo nyundo ya mwashi haizifikii. Giza la mchezo huu, pamoja na uzuri wake, halipumziki. Kila kijiji kina siri mbaya, kila kuhani ni mnafiki au mwendawazimu, kila fadhili ina malipo yaliyofichwa. Mara ya kwanza mchezaji hushtuka. Mara ya nne hungoja usaliti kama angojaye salamu, na usaliti unaotarajiwa haumsaliti mtu. Hofu huhitaji kitu cha kupoteza. Laiti katika Pembe za Kusini kungalikuwa na nyumba moja tu yenye furaha ya kweli, usiku ungalitisha mara mbili, kwa kuwa mchezaji angaliikumbuka nyumba ile jua likizama. Hilo halikukosekana kwa uchache wa wakati. Lilikosekana kwa sababu watunzi waliamini kwamba giza ni rangi ya kupaka kila mahali, ilhali mchoraji yeyote ajua kwamba giza huonekana kwa mshumaa. Hukumu hiyo ingaliweza kutolewa siku ya kwanza ya mauzo bila kumwonea mtu, na yabaki kweli juu ya sura ile.

Basi kazi iliyo nusu yaweza kuhukumiwa, nayo haina haja ya huruma. Kisichoweza kuhukumiwa ni mwisho, na hapa ndipo hali ile ya kwanza ilipopata bahati ambayo toleo kamili halikuweza kuirithi. Mchezaji wa 2023 aliichukua roho ya Arthur, akaisikia ikimshawishi, akaona kwa macho yake walivyotendwa wenyeji wa kisiwa na walivyo sasa wajukuu wa washindi, akafika ukingoni mwa sura iliyotengenezwa, na hadithi ikakatika. Hakuulizwa kama mfalme arudishwe au azikwe. Alibaki na mgeni kifuani na hukumu isiyotolewa, sawasawa na Perceval aliyetoka katika ngome tupu. Katika miezi ile ya kungoja, swali halikuwa la mashine, lilikuwa la mtu mwenyewe: je, aliyekuwa mkuu, na aliyetenda uovu mkubwa kwa ajili ya kuwaokoa walio wake, arejeshwe kwa kuwa nchi inakufa bila yeye? Watu walijadiliana juu ya hilo na majibu yao hayakulingana.

Haimaanishi kwamba kutokwisha ni sifa. Chrétien hakuacha shairi lake ili wasomaji wafikiri, kalamu ilimtoka. Wala watunzi wa Wrocław wasingalisamehewa kama wangaliishia pale na fedha za watu mfukoni. Hawakuishia. Toleo la 2025 lina nchi mbili zaidi, Cuanacht na Forlorn Swords, na swali juu ya mfalme limepata majibu yake, mengine yakiwa ya kutisha. Ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza, na ni tulivu zaidi mkononi. Lakini jibu, hata likiwa zuri, hufunga mlango ambao ulikuwa wazi, na anayeanza mchezo leo huvuka toka Pembe za Kusini kwenda Cuanacht bila kusita, asijue kwamba mahali pale palikuwa na ukuta, na kwamba watu walisimama mbele yake kwa miezi mingi, sauti ya mfalme ikiwasemesha.